Masizi ya Mlimani na Mikeka Yangu Tisa

Nyumba yangu ya sasa iko Garissa, ya mawe, bati juu. Kwenye kona ya chumba cha kulala nimesimamisha mikeka tisa, imeviringishwa na kufungwa kamba. Mjukuu wangu wa kike, anayefanya kazi ofisini, ameniomba mara nyingi niitupe. Anasema inafuga vumbi na mende. Mimi humwambia: atakayeitoa mikeka hii, anitoe mimi kwanza. Yeye hucheka. Mimi sicheki.

Nitaandika sababu. Kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye darasa la ngumbaru, na Kiswahili nilikiokota sokoni nikiuza maziwa na samli kwa watu wa bara na wa mtoni. Kwa hiyo msitafute urembo hapa. Majina ya watu wote waliomo katika habari hii ninayo kichwani: jina la mtu, la baba yake, la babu yake, hadi saba kwenda nyuma. Siyaandiki. Wengine wako hai, na wengine wameacha watoto wenye hasira.

Ilikuwa miaka ya tisini. Kwetu ni upande wa Sangailu, na sisi ni watu wa ng'ombe. Ukame ulikuwa umetupiga, mimi na mume wangu tukabaki na ng'ombe kumi na wanne. Wakati wa jilaal, yaani kile kiangazi kirefu kabla ya masika, tulikuwa tunahamia ukingo wa msitu. Huko visima si virefu, na majani yanabaki na ubichi kidogo chini ya miti. Mtu akikufungia ukingo ule wakati wa jilaal, hahitaji kukuibia ng'ombe wako. Wanakufa wenyewe, mmoja mmoja, mbele ya macho yako.

Ukingo ule ndio ulikuwa pia mahali petu wanawake pa kusuka. Mikeka ya kwetu si ya kulalia tu, ndiyo nyumba yenyewe: unakunja fito, unazifunga, halafu unazifunika mikeka. Nyuzi zake tulizitoa kwenye gome la ndani la mgunga. Gome hilo ni gumu. Halilainiki kwa maji wala kwa kupondwa. Linalainika kwa meno. Tulikaa duara, wanawake sita saba, tukitafuna tangu asubuhi, tukitema nyuzi na kuzianika, na katikati ya kutafuna tukisengenya. Kila jilaal mimi nilimaliza mkeka mmoja. Jilaal tisa, mikeka tisa.

Basi siku moja ikaja Land Rover. Ndani mlikuwa na binti mmoja msomi wa kutoka bara, na afisa wa ofisi moja ya Garissa aliyekuja kumwonyesha njia. Binti alikuwa amepanda mlima, mmoja wa ile mirefu kabisa, wenye barafu kichwani, na alikuwa ametoboa barafu ile kwa chuma na kutoa kipande kirefu kama fimbo ya mchungaji. Picha yake alikuwa nayo. Nyeupe, halafu hapa na pale mstari mweusi.

"Theluji inaanguka kila mwaka, mpya juu ya ile ya zamani," akatuambia. "Moshi ulioko hewani unaanguka nayo. Ukitoboa kwenda chini, unasoma miaka ya moto."

Nilikuwa nikimimina chai. Nikamuuliza, "Na hiyo mistari nani ameiandika?"

"Moto wenyewe, mama."

Jibu hilo nililipenda. Alisema anazunguka pande zote kuwauliza watu wazima moto mkubwa uliwaka miaka gani, ili alinganishe na barafu yake. Kwa nia yake sikuona ubaya. Ila waliokaa kujibu walikuwa wanaume, na aliyeshika kalamu alikuwa afisa.

"Wazee," afisa akaanza, "hapa nyasi mlichoma mara ngapi?"

Aliyejibu alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Akapangusa ndevu kwanza. "Mara ngabi? Sisi nachoma kila mwaka. Toka hapa mbaka mtoni."

"Kila mwaka?"

"Wallahi. Mwaka ingine mara mbili."

Mzee wa pembeni yake hakukubali kuachwa nyuma. "Mimi ng'ombe yangu ilijaa mbaka dunia ikawa dogo. Nilichoma siku saba, haijazima."

Nikaiona kalamu ya afisa ikienda. Siku saba.

Lazima nieleze, kwa sababu mtu wa mahali pengine hataelewa wazee wenye akili timamu walikuwa wakifanya nini. Kwetu nyasi kuukuu huchomwa ili zichipue mpya, na mwenye haja ya nyasi nyingi ni mwenye ng'ombe wengi. Mwanamume akikwambia mbele ya wageni kwamba mwaka fulani hakuchoma, amekwambia kwamba mwaka huo alikuwa fukara. Wale wazee hawakuwa wakihesabu moto. Walikuwa wakihesabu ng'ombe, na ng'ombe wenyewe hawakuwapo.

Wifi yangu, mke wa shemeji huyo, aliinama sikioni kwangu. "Abaayo, dada yangu, miaka hiyo anayosema, huyu mume wangu alikuwa na ng'ombe wangapi?"

"Watatu," nikasema.

"Na mmoja kilema!"

Tukafunika midomo kwa shuka zetu, tukacheka hadi mabega yakatikisika. Kosa hilo ni letu wanawake, nami nimelibeba hadi leo. Tulijua ukweli, tukaucheka badala ya kuusema.

Baada ya chai binti alikuja kwangu kunywa maziwa. Alinikuta natafuna.

"Mama, unakula mti?"

"Natafuna nyumba," nikamwambia, na nikamwonyesha.

Alipenda sana. Naye akanionyesha vya kwake: mashine ndogo ya kuchungulia, wanaiita hadubini, na vioo vitatu vyembamba. Akaniambia nifunge jicho moja. Kwenye kioo cha kwanza niliona vijiti virefu vyembamba, kama nyuzi zilizokatika. Masizi ya nyasi, akasema. Kwenye cha pili, mapande yenye kona, kama makaa yaliyovunjwa. Masizi ya miti. Kwenye cha tatu, vitu vya duara, vilivyolingana, kama mayai ya chawa.

"Haya ya nani?"

"Ya mafuta na makaa ya mawe. Ya viwanda, ya mitambo mikubwa."

"Na ndani ya barafu yako mna yapi?"

"Yote matatu. Lakini sijamaliza kuyahesabu, mama. Na bado sijui yalitoka upande gani."

"Basi usimwambie mtu kabla hujamaliza."

"Simwambii."

Na kweli hakumwambia mtu. Lakini mwenzake alikuwa ameshapata alichokitaka kwenye daftari.

Mwezi haukuisha. Chifu akatuma habari kwamba Alhamisi kuna baraza, wazee wote waende kuweka kidole kwenye karatasi. Mume wangu alikwenda kuuliza karatasi inasema nini. Alirudi akaingia ndani na viatu miguuni, kitu ambacho hakuwa amewahi kufanya, akakaa.

"Inasema sisi tunakiri tunachoma kila mwaka. Inasema moshi wetu ndio unaochafua barafu ya mlima. Kwa hiyo ukingo wa msitu unafungwa miaka mitano."

"Miaka mitano!"

"Wanasema tulisema wenyewe."

"Na mlisema."

"Yale yalikuwa maneno ya chai."

"Basi waambieni hivyo hivyo, yalikuwa maneno ya chai."

Akatazama chini. "Kaka yangu hawezi kusimama mbele ya watu na kusema hakuwa na ng'ombe."

"Kwa hiyo afadhali ng'ombe wamwishie kweli?"

Alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini mbele ya kaka yake alikuwa kama ndama.

Nililala chali mchana ule, joto limejaa, natazama juu. Na juu yangu ulikuwa mkeka wa jilaal ya nne. Katikati yake pana ukanda mweusi, upana wa kiganja. Nilikuwa nimeutazama ukanda ule miaka na miaka bila kuuona. Ndipo ulimi wangu ukakumbuka kabla ya kichwa. Uchungu. Mwaka ule migunga ilikuwa imeungua nje, na gome la ndani lilikuja na masizi. Tulitafuna tukatema mate meusi, fizi zikavimba, na nyuzi hazikutakata hata baada ya kuoshwa mara tatu. Nikainuka nikatazama mikeka mingine. Saba ilikuwa myeupe, rangi ya maziwa ya jana. Miwili ilikuwa na weusi.

Asubuhi ya Alhamisi nilianza kubomoa nyumba.

Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Anaibomoa siku ya kuhama, au siku ya kuachana na mumewe. Na siku ile hakuna aliyekuwa anahama. Jirani yangu alisimama na ndoo mkononi, mdomo wazi.

"Abaayo! Amekuacha au umemwacha?"

"Hakuna aliyemwacha mwenzake. Nyumba inakwenda barazani."

"Kufanya nini?"

"Kusema. Na wewe twende, nilipokuwa nikisuka mikeka mitatu kati ya hii ulikuwa umekaa kushoto kwangu."

Nilipakia mikeka yote tisa juu ya punda wawili. Mume wangu alitazama fito zimebaki tupu kama mbavu. Akasema tu, "Utatuaibisha." Nikamwambia aibu ina dawa, njaa ya ng'ombe haina. Tukaondoka wanawake kumi na mmoja.

Mbele ya ofisi ya chifu wanaume walikuwa wamekwisha kaa. Afisa alikuwa na meza, juu ya meza karatasi, kando ya karatasi pedi ya wino. Binti msomi naye alikuwapo, mwisho wa benchi, mkoba mapajani. Niliambiwa baadaye kwamba alikuja kuleta tu picha alizotupiga siku ile ya chai, na hakujua baraza ni la nini.

Nikafungua kamba, nikaanza kutandaza.

"Mama," afisa akasema, "leo si siku ya soko."

Watu wakacheka.

"Mama, keti," chifu akasema, kwa upole. "Waache wazee waseme."

"Wazee walishasema. Ndiyo maana nimekuja."

Hapo waliocheka walikuwa wanawake, na walicheka zaidi.

Nilitandaza yote tisa mstari mmoja, kutoka meza ya afisa hadi kwenye mlingoti wa bendera. Nikavua viatu nikapita juu yake, mmoja mmoja. Nikasema: huu ni wa jilaal ya kwanza baada ya kuzaliwa mwanangu wa tatu, kulia kwangu alikaa fulani binti fulani, kushoto fulani binti fulani. Niliyataja majina yote siku ile, hayakunipotea hata moja. Na kila nilipotaja, sauti ilijibu nyuma yangu, "Nipo, ni kweli," na kwa waliokufa binti zao waliitika. Nikawaambia rangi ya nyuzi inatoka wapi. Gome safi, mkeka mweupe. Gome lililopitiwa na moto, mkeka mweusi.

"Saba myeupe," nikasema. "Miwili myeusi. Kila mwaka iko wapi hapa? Nionyesheni."

Afisa alikuwa ameanza kugonga meza kwa kalamu. "Mama, mkeka si ushahidi. Ushahidi ni maandishi."

Nikamgeukia binti. "Mwanangu, ile barafu yako ina maandishi?"

Akasimama taratibu. "Haina, mama."

"Ina nini?"

"Ina mistari myeusi."

"Na huu?"

Alikuja akapiga magoti kwenye mkeka wa jilaal ya nne. Alipitisha kidole kwenye ukanda ule, akatoa kioo cha kukuzia mkobani, akachungulia muda mrefu.

"Masizi," akasema. "Ya miti. Mapande." Halafu akainuka, magoti yana vumbi, akamtazama afisa usoni. "Bwana afisa, mimi sijamwambia mtu yeyote kwamba weusi wa mlimani umetoka kwa watu hawa. Sijui umetoka kwa nani. Kama jina la kazi yangu limo kwenye karatasi hiyo, litoe."

Afisa alikunja uso, lakini hakuwa mjinga. Akafungua daftari. "Sawa. Barafu tuiweke kando. Wazee wenyewe walisema kila mwaka. Mzee yule pale. Nimeandika: kila mwaka, kutoka hapa hadi mtoni. Alisema au hakusema?"

Shemeji yangu alikuwa mbele kabisa, ameshika bakora kwa mikono miwili. Nilimwonea huruma, nasema kweli. Lakini ng'ombe niliwaonea zaidi.

"Shemeji," nikasema, "jilaal ya nne, mwaka wa mkeka huu, ulikuwa na ng'ombe wangapi? Sema wewe, nisiseme mimi."

Nilidhani ataondoka. Akasimama, akasema kwa sauti ndogo, "Watatu."

"Na mmoja?" wanawake wakaita kutoka nyuma.

"Kilema!" akapiga kelele. "Ndiyo, mmoja kilema! Sasa mmefurahi?" Akamgeukia afisa, na safari hii bakora iko juu. "Wewe msomi. Nani anachoma mbaka mtoni kwa ng'ombe tatu? Niambie! Nilikuwa naongea kama mwanaume mbele ya mgeni. Wewe ukaenda kuandika!"

Baraza zima likaangua kicheko, na yule mzee wa siku saba akawa anatazama mawingu.

Afisa alingoja watulie. Akauliza swali la mwisho, na lilikuwa swali zuri. "Na hiyo mikeka miwili myeusi, mama? Nani alichoma?"

"Wa jilaal ya nne, moto ulitoka ndani ya msitu na upepo. Tulikimbia na watoto mgongoni. Aliyeuwasha simjui, na nisiyemjua simsingizii. Wa jilaal ya saba, niliuwasha mimi."

Mume wangu akainua kichwa. Hakuwa anajua.

"Kupe walikuwa wamejaa kwenye nyasi za zizini, ndama wangu wawili wamekufa. Niliwasha kipande kidogo. Upepo ukageuka, moto ukaenda siku mbili, ukala migunga yetu wenyewe. Mwaka huo nilitafuna masizi niliyoyawasha mwenyewe, na jino hili," nikafungua mdomo nikamwonyesha pengo, "lilibaki kwenye gome. Andika. Moto mmoja, mwanamke mmoja, kwa sababu ya kupe."

"Unataka niandike?"

"Unapenda kuandika. Andika na jina langu, lote." Nikamtajia, langu, la baba, la babu, hadi saba, na nikamngoja kila aliposhindwa na herufi. "Kwa moto huo naweka kidole. Kwa kila mwaka siweki, na wazee hawa hawaweki. Na yale masizi ya duara, mayai ya chawa, ambayo binti amenionyesha, sisi hatuna kiwanda hapa hata cha sabuni. Mwenye hayo naye aitwe barazani. Nataka kukiona kidole chake kwenye karatasi kama changu."

Binti alirarua ukurasa kwenye daftari lake, akaandika maneno yangu kama nilivyoyasema, akatusomea kwa sauti mara mbili. Nikachovya kidole gumba. Shemeji akachovya baada yangu, chini yake ikaandikwa: ng'ombe watatu. Ile karatasi ya kwanza ilirudi Garissa haina hata alama ya ukucha.

Afisa alisema jibu litakuja. Halikuja, la ndiyo wala la hapana. Jumamosi asubuhi, jua likiwa juu, tuliwatoa ng'ombe wote wa kijiji tukawapitisha mbele ya ofisi ya chifu, polepole, hadi ukingo wa msitu. Njia ya nyuma ilikuwapo. Hatukuitaka. Kati ya ng'ombe wangu kumi na wanne, kumi na mmoja walifika hai, wakanywa mvua ya masika.

Kabla ya kuondoka, binti aliniomba mkeka wa jilaal ya nne. Nilimkatalia. Nilichomoa uzi mmoja mweusi pembeni, nikamviringishia kidoleni, nikamwambia akauweke pamoja na barafu yake. Na nilipoanza kusimamisha nyumba upya, shemeji yangu alikuja bila kuitwa akanishikia fito, kazi ambayo mwanamume wa kwetu haigusi. Nami sikumshukuru.

Masika ilipokaa sawa walikuja wageni wengine, wanunuzi wa ng'ombe kutoka Garissa, wakakaa na wazee kunywa chai. Nilikuwa namimina. Nikamsikia shemeji akipangusa ndevu na kuanza habari za jilaal ya nne, mwaka ambao, wallahi, alikuwa na ng'ombe thelathini.

Wifi yangu akanitazama, shuka tayari iko mdomoni. Mimi nikaweka birika chini.

"Watatu," nikasema, kwa sauti ya kufika nje.